Ukija Pangani, Anza na Mwezi

Kabla hujapanga nauli wala chumba, tazama mwezi uko wapi. Nasema mwezi wa mbinguni. Wageni wengi ninaowapokea huja Pangani Jumamosi kwa sababu ndiyo siku waliyopata nafasi kazini, wakafika na kukuta kisiwa cha mchanga cha Maziwe kimezama na nahodha anawaambia warudi juma lijalo. Mji huu umekaa mlangoni mwa mto, pale Mto Pangani unapoingia Bahari ya Hindi, na karibu kila kilicho kizuri hapa hufunguliwa na kufungwa na maji.

Mimi ni mzaliwa wa Bweni, ng'ambo ya kusini ya mto, mkabala na mji. Marehemu bibi yangu aliuza mihogo ya kuchemsha na chai pale kivukoni, nami nilikulia kati ya masufuria yake na miguu ya wasafiri. Siku hizi naishi Tanga mjini, lakini jamaa na marafiki wakitaka kuijua Pangani hunipigia mimi simu. Hapa nimeandika yale ninayowaambia, kwa mpangilio ambao naufuata mwenyewe.

Hesabu ya maji

Bahari yetu hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kwa dakika 50 hivi kuliko jana yake. Mwezi unapoandama, na tena unapokuwa mpevu, huja bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana. Katikati yake ni maji mafu, ambayo hayajai kwa nguvu wala hayapwi vya kutosha.

Ukanda huu wetu una jambo moja la kumfurahisha msafiri. Siku za bamvua maji hupwa kabisa karibu na saa nne asubuhi, kisha hujaa hadi saa kumi jioni. Maana yake asubuhi unapata mchanga na matumbawe, na alasiri unapata mto uliojaa. Siku za maji mafu mambo hugeuka, kupwa huangukia alasiri, na hata huko kupwa kwenyewe ni kwa kusitasita.

Bibi hakuwa na jedwali la maji. Siku mwezi ulipoandama alianza kuhesabu kwa pingili za vidole, kuanzia kidole kidogo cha mkono wa kulia, tatu kwa kila kidole, na akifika pingili ya kumi na nne alijua asubuhi inayofuata wanawake watashuka pwani kutafuta pweza. Nawe fanya hivyo. Ukiwa na kalenda ya Kiislamu ukutani kazi imekwisha: chagua tarehe 1 hadi 3 au 14 hadi 16 za mwezi wa Kiislamu, uje siku hizo. Ukishindwa, mpigie nahodha umwulize, "Mjomba, bamvua lini?" Atakujibu palepale.

Nasisitiza kwa sababu liliwahi kunipata. Mara ya kwanza kuchukua wageni niliwapeleka kisiwa cha Maziwe siku ya maji mafu, kwa kuwa walikuwa na haraka nami sikutaka kuwakatalia. Tulizunguka juu ya maji ya rangi ya feruzi saa nzima, mchanga tukiuona chini yetu kama kitambaa, tusipate pa kukanyaga. Mama mmoja alikuwa amekuja na wajukuu zake kwa ajili ya hiyo siku tu. Tangu hapo, mtu akiniambia tarehe isiyofaa, namwambia haifai.

Kuhusu majira, epuka masika, Machi mwishoni hadi Mei. Mvua huharibu barabara na mto hubeba tope jingi. Kusi likivuma kwa nguvu, Juni na Julai, bahari huchafuka na mashua ndogo hazina raha. Wakati ninaoupenda ni tangambili, pepo zinapobadilishana zamu. Tangambili ya Oktoba na Novemba ni nzuri, ila vuli inaweza kukunyeshea kidogo.

Kufika na kulala

Kutoka Tanga ni kilomita 50 hivi kwa barabara ya pwani, na kutoka Muheza ni karibu hivyohivyo. Anayetoka Dar es Salaam hupita Segera na kushukia Muheza, au huendelea hadi Tanga. Iko pia njia ya pwani kupitia Bagamoyo na Saadani, ambayo hukutoa moja kwa moja Bweni. Beba taslimu za kutosha na uwe na salio kwenye simu. Nyumba za wageni za bei nafuu ziko mjini. Hoteli za ufukweni ziko nje, nyingi upande wa kijiji cha Ushongo. Mimi hushauri usiku wa kwanza ulale mjini, kwa sababu mji huu ni wa kusikilizwa usiku na alfajiri, adhana zikipokezana na mashine za boti.

Mavazi: ni mji wa Waislamu. Ufukweni kwenye hoteli vaa utakavyo, lakini mjini mwanamke awe na kanga begani, mwanaume asitembee kifua wazi. Usimpige mtu picha kabla ya kumsalimia na kumwomba.

Siku ya kwanza: vuka, kisha ndipo utembee

Wageni hushuka stendi wakaanza kupiga picha milango. Mimi huwapeleka kwanza kivukoni. Vuka kwenda Bweni, geuka, rudi. Njia hiyo ya Bagamoyo ina mradi wa daraja kubwa, lakini hata ukiwa na la kupita, mara moja vuka kwa maji. Katikati ya mto, tazama mjini. Utaona mji wote umeuelekezea mto uso wake: maghala, nyumba ya forodha, magofu, nyumba za ghorofa zenye roshani za mbao, na nyuma yake minazi. Ukiuona hivyo unaelewa kuwa hapa palikuwa na mlango mmoja tu wa kuingilia duniani, nao ni huu unaoelea juu yake.

Mto wenyewe umetoka mbali. Kikuletwa hukusanya maji ya Meru na Kilimanjaro, Ruvu hushuka upande wa pili wa Kilimanjaro, vikakutana kwenye bwawa la Nyumba ya Mungu. Kutoka hapo mto hushuka chini ya milima ya Upare na Usambara, hupokea Mkomazi na Luengera, huzungusha mitambo ya umeme ya Hale na ya Maporomoko ya Pangani, ndipo unafika hapa ukiwa mpana na mtulivu. Misafara ya pembe za ndovu ya karne ya 19 ilifuata bonde hilohilo, na bidhaa zao zikaishia kwenye majahazi ya gati hili. Mwaka 1857 Burton na Speke, kabla ya safari yao ya maziwa makuu, walikuja kujaribia miguu yao hapa, wakapanda na bonde hadi Usambara.

Haikuwa pembe tu. Watu walishushwa hapa wakiwa wamefungwa minyororo. Sehemu yao walivushwa kwenda Unguja na Pemba kwenye mashamba ya karafuu, wengine wakabakizwa kwenye mashamba ya miwa ya bonde hili hili, maana Pangani ilikuwa mji wa sukari. Karibu na mto utaonyeshwa gofu ambalo wenyeji husema ndimo walimowekwa. Nakuomba uingie kimya. Katika mji huu wapo wajukuu wa waliofungwa na wajukuu wa waliofunga, wanaswali safu moja, na maneno ya kutupa ovyo yanaumiza.

Baada ya hapo sasa nenda kwenye nyumba. Barabara ya India ndiyo yenye nyumba za wafanyabiashara wa Kihindi, duka chini, familia juu. Nyumba kongwe zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Tafuta mahali ambapo lipu imebanduka, na huko gofuni au kwenye nyumba ya mtu aliyekukaribisha baada ya hodi, inua macho utazame dari. Utaona boriti za mikoko zimelazwa karibu karibu, nyeusi kwa umri. Pima chumba kwa hatua zako: ni chembamba, hatua nne au tano za mtu mzima, hata kwenye nyumba ya tajiri. Boriti ya mkoko haikui ndefu kupita hapo, basi chumba kikakatwa kwa kipimo cha mti. Kesho utauona mti wenyewe.

Mlango wa Boma, jengo la zamani la utawala, usiupite haraka. Simama karibu kiasi cha kuona alama za patasi. Shika mfaa, ule mhimili wa katikati unaofunika mwanya kati ya mbao mbili. Fundi hakuchonga pande zote kwa kina kimoja, na mahali mikono ya watu imepita kwa miaka mingi maua yamelainika hadi karibu kufutika, wakati yale ya juu, yasiyofikika, bado yana makali. Mimi hupenda zaidi huko chini kulikolainika.

Na hapa ndipo panapotakiwa kusimuliwa habari ya Abushiri, nami husimulia nikiwa nimesimama karibu na maji, si ndani ya nyumba. Aprili 1888 Sultani Khalifa bin Said wa Zanzibar aliikodisha pwani ya Mrima kwa kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki. Agosti mwaka huohuo mwakilishi wa kampuni, Emil von Zelewski, akataka bendera ya kampuni ipepee Pangani na liwali awe chini yake. Katika kumsaka liwali, Wajerumani waliingia msikitini na mbwa. Watu wa mji walimpa Zelewski jina la Nyundo. Mwezi wa Septemba walimzingira nyumbani yeye na wenzake wasitoke, hadi Lloyd Mathews, mkuu wa jeshi la Sultani, alipokuja kuwaondoa.

Vitabu vya shule huita vita hivyo vita vya Abushiri, na ni haki yake, kwani Abushiri bin Salim al-Harthi, mwenye shamba la miwa bonde la Pangani, ndiye aliyeviongoza kutoka hapa hadi Bagamoyo na Dar es Salaam. Lakini ningependa msomaji ajue kuwa hasira haikuanza kwake. Ilianza kwa watu wa gatini, wapagazi, vibarua, Wazigua walioshuka kutoka bara, wenye vyombo. Yeye aliikuta imekwisha kuwaka. Ujerumani ikamleta Hermann von Wissmann na askari wa kukodi kutoka Sudani na Msumbiji, akaiteka Pangani Julai 1889. Abushiri alikamatwa bara akaletwa mjini hapa, akanyongwa tarehe 15 Desemba 1889. Na Nyundo? Alihamia jeshini, akaenda Uhehe, na tarehe 17 Agosti 1891 aliuawa Lugalo na majeshi ya Mkwawa. Wageni wangu kutoka Iringa wanaijua nusu ya pili ya hadithi hii vizuri mno, na wengi huwa hawajui kuwa mtu yule alianzia hapa. Nikiwaunganishia, huwa wananyamaza kidogo, halafu wanaomba waonyeshwe tena mto.

Jioni kula mjini. Samaki wa kukaanga na mihogo, au wali wa nazi na samaki wa kupaka kama umeagiza mapema. Nazi ya Pangani haina mshindani, na hili silisemi kwa sababu ni kwetu.

Siku ya pili: asubuhi mchanga, alasiri mto

Kubaliana na nahodha wa kukupeleka Maziwe usiku wa kuamkia. Taja bei yote kabisa: chombo, mafuta, ada ya kuingia hifadhini, vifaa vya kutazamia samaki, na muda. Hakikisha kuna maboya ya kuvaa ya kutosha watu wote, uyaone kwa macho. Ondoka mapema, kama saa mbili, maana kwa boti ya mashine kutoka mjini ni kama saa nzima. Ukilala Ushongo ni karibu zaidi.

Maziwe zamani kilikuwa kisiwa chenye miti. Wazee wa Bweni na Ushongo waliikuta mivinje, na wavuvi walipumzika kivulini. Bahari ilikula ukingo mwaka hadi mwaka, na kuanzia miaka ya 1980 kilichobaki ni ulimi wa mchanga mweupe unaotokea maji yakipwa na kumezwa yakijaa. Kwa hiyo hakuna kivuli hata cha kiganja. Chukua kofia, nguo ya mikono mirefu, maji ya kunywa mengi kuliko unavyodhani. Vaa viatu vya majini, kwa ajili ya wale viumbe wa miiba mirefu myeusi, na usisimame juu ya matumbawe, ukichoka, elea. Kasa bado huja kutaga pale pale walipozaliwa, bila kujua kuwa kisiwa hakipo tena, na mayai yangeoza kwa maji ya bamvua. Wahifadhi huyachimbua na kuyazika upya ufukweni Ushongo, ambako huanguliwa baada ya kama miezi miwili. Ukisikia kiota kinatarajiwa kufunguka, ahirisha kila kitu uende ukaone vitoto vikikimbilia maji. Visimamie kwa mbali, usivibebe kuvisaidia.

Nahodha akisema twende, panda chomboni. Maji yakianza kurudi hurudi kutoka pande zote.

Rudi mjini, ule, uswali kama unaswali, upumzike kidogo. Saa nane ondoka na maji yanayojaa kupanda mtoni. Hapa usikubali mashine ikimbizwe. Mwambie nahodha aizime mara kwa mara, maji yenyewe yanakupandisha.

Mikoko huanza muda mfupi tu baada ya mji. Wengi huiona yote mti mmoja. Itofautishe hivi: mkoko wenyewe umesimama juu ya mizizi iliyojipinda kama miguu ya buibui, na huo ndio mti wa zile boriti ulizoziona jana darini. Mchu hauna miguu. Mizizi yake imechomoza kutoka kwenye tope kama misumari elfu. Chuma jani moja la mchu, ligeuze, lilambe upande wa chini. Ni chumvi. Mti hunywa maji ya bahari na kuitoa chumvi kupitia jani, na siku ya jua kali utaziona chembe zake ziking'aa. Watoto wa Bweni tulikula mihogo kwa chumvi hiyo. Maji yakiwa bado hayajafunika tope utaona kaa wenye gando moja kubwa wakipunga kama wanaoaga, na samaki wadogo wanaoruka juu ya tope kwa mapezi. Yangeyange watakuwa matawini. Mdiria humwona kwa sauti ya maji tu, kisha rangi ya bluu imeshapita.

Ukizidi kupanda, mikoko hupungua na minazi huchukua kingo zote mbili. Minazi mingine haina vichwa. Wakulima wa bonde wanalalamika kuwa maji ya chumvi sasa hupanda mbali kuliko zamani, kwa kuwa maji matamu yanayoshuka yamepungua: huko juu yamefungiwa, yamemwagiliwa, yametumika. Visima vilivyokuwa vya kunywa vimeingiwa na munyu. Shambani kwa mjomba wangu tulichota maji kwa kata tukanywa. Leo mkewe hufulia kwa maji hayo na sabuni haitoi povu. Nahodha atakuonyesha yalikofika, mwulize.

Usiogelee mtoni. Kuna mamba, na mikono na miguu ikae ndani ya chombo. Saa kumi na nusu maji yatasimama kidogo, kisha yageuke. Geuka nayo. Utaushuka mto jua likiwa nyuma yako na mji ukiwa mbele, kuta za magofu zimekuwa rangi ya ukwaju. Fika gatini kabla ya magharibi.

Siku ya tatu: Kikogwe

Vuka tena Bweni, chukua bodaboda, uelekee kusini kwenye mashamba. Eneo la Kikogwe ndiko mkonge wa nchi hii ulikoanzia. Mwaka 1893 Richard Hindorf, mtaalamu wa mimea wa ile ile kampuni ya Kijerumani, alipokea miche kutoka Florida kupitia Hamburg. Iliondoka miche 1,000. Iliyofika hai ikapandwa ni 62. Kutokana na hiyo 62 Tanganyika ikaja kuwa mzalishaji wa kwanza wa mkonge duniani, na watu kutoka kila pembe wakaletwa kufanya kazi, manamba, wakazaa na kubaki. Majina mengi yasiyo ya pwani utakayoyasikia mkoani Tanga yameletwa na mmea huo.

Omba ruhusa kabla ya kuingia shambani. Ukipewa jani lililokatwa, lipasue kwa kucha kwa urefu na ukwangue nyama ya kijani kwa ubao: singa nyeupe zitatokea, ndefu kama nywele za maharusi. Tahadhari na utomvu, unawasha. Korona, yaani mashine ya kuchambua mkonge, ikiwa inafanya kazi utaisikia kabla ya kuiona, na harufu yake chungu itakaa nguoni hadi jioni.

Kutoka hapo mwenye muda aendelee Ushongo akapumzike, au azidi kusini hadi Saadani, hifadhi ya taifa iliyopakana na bahari. Asiye na muda arudi Bweni. Kwenye kivuko cha kurudi mjini simama upande wa kushoto, unaotazama mto unakotoka. Kama ni asubuhi ya bamvua maji yatakuwa yanashuka kwa kasi, na utaona majani ya migomba, makuti na magogo yakipita kuelekea baharini. Akina mama wa kivukoni huyatazama wakajua huko juu kumenyesha.